Machela Haipiti Mbele ya Kumbi

Chilangala, Jumapili, 3 Juni 1956

Daftari hili ni la Dastani, la hesabu. Upande mmoja ameujaza, upande wa pili mtupu, nami sipendi kitu kizuri kitupwe. Mwalimu wa darasa la akina mama anatuambia tuandike kila tukipata nafasi, la sivyo herufi zitatukimbia. Basi naandika.

Leo baada ya kanisa tumeshuka bondeni, mimi na Baba Dastani, kuchukua mpunga uliobaki kibandani. Nimejitwika mimi, yeye mikono mitupu, maana ni fundi cherehani na mizigo haijui. Kupanda mlima akasimama, akainama kufunga kamba za kiatu. Tukaenda kidogo, akainama tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Baba Dastani, hicho kiatu kina nini leo?" Akasema kamba mbovu. Nikatazama. Kamba zimefungwa fundo kavu. Na jasho linamtoka usoni, na asubuhi hii kuna baridi ya ukungu mimi mwenyewe nimejifunika kanga mbili.

Ila nimeona.

6 Juni

Ameinuka barazani penye cherehani kwenda dukani kununua sigara, karibu tu hapo, akarudi anajisugua kifua. Anasema kiungulia. Kila kitu kwake ni kiungulia.

Jumamosi, 9 Juni

Nimemdanganya. Nilisema mdogo wake Dastani anakohoa, anisindikize hospitali ya misheni Newala. Tulipofika nikamwambia Sista, "Mtoto mzima. Mgonjwa ni huyu mnene." Baba Dastani alinitazama kwa jicho ambalo nimelijua toka tuoane. Lakini mbele ya Mzungu angesema nini? Akakaa.

Sista akamfunga kitambaa mkononi, akakipuliza kwa mpira, akasikiliza. Akapuliza tena. Kisha akauliza maswali, na dresa, msaidizi wake, akawa anatafsiri palipokuwa pagumu. Maumivu ni ya kuchoma kama mwiba, au ni mzigo? Baba Dastani akapapasa vifungo vya shati lake. Mwishowe akasema, polepole, kama mtu anayevuliwa shati: "Ni kama mtu amenikalia kifuani. Halafu mkono huu wa kushoto unakuwa mzito. Na hapa kwenye taya. Nikisimama, linaondoka."

Mimi mke wake nilikuwa sijayasikia hayo. Nimeyasikia siku moja na dresa.

Sista akasema hicho si kiungulia wala si kichomi. Ni moyo. Damu yake inasukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, wenyewe wanaita presha, na moyo umechoka na haupati damu yake wenyewe. Akamkataza sigara. Akamkataza chumvi nyingi, na papa mkavu, na mafuta ya nyama. Atembee kila siku mahali tambarare, polepole, asikae na cherehani toka jua mpaka jua. Asibebe kizito.

Kisha akanigeukia mimi, maana aliona nani anasikiliza. Akasema, Mama, likimjia akiwa amekaa tu, wala lisiondoke, jasho la baridi likamtoka, akataka kutapika, basi hapo usimtembeze hata hatua moja. Mkalishe ameegemea. Mbebeni kwenye machela mje hapa saa ile ile. Msingoje kuona kama litapoa.

Njiani Baba Dastani akasema, "Chumvi! Wazungu wanakula chumvi kwenye mkate, sisi watunyime kwenye kisamvu." Nikacheka. Yeye pia akacheka. Lakini sigara hakuwasha mpaka tulipofika nyumbani.

Jumamosi, 16 Juni

Dastani ameingia kumbini leo, jandoni. Nimeandika hivyo, nikafuta, nikaandika tena.

Mimi na kaka yangu Silvesta tumezaliwa tumbo moja, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Yeye ndiye aliyesema mwaka huu, yeye ndiye aliyetafuta ngariba, na mwanawe mwenyewe ameingia pamoja na Dastani. Kanisani wametuombea. Kumbi wamelijenga pale pale njia ya Newala inapopinda, wamelizungushia ua wa majani.

Mapema Baba Dastani alikuwa ameshainama ambebe Dastani mabegani kwenda kumbini. Nikamshika shati. "Mjomba ndiye abebe," nikasema kwa sauti, kana kwamba nasemea mila. Silvesta akafurahi, akasema dada yangu anajua adabu. Akambeba. Baba Dastani akabaki amesimama pale mikono inaning'inia. Niliona uchungu wake. Lakini ni heri uchungu ule.

Kisha Silvesta akatukusanya wazazi, akatutolea sheria. Baba na mama wasilale pamoja. Wasigombane. Wasionje chumvi mpaka vidonda vikauke na ngoma ipigwe. Mwanamume anayepita mbele ya kumbi lazima aite kwa sauti, na wari, watoto walio ndani, watamjibu kwa kugonga vijiti. Mwanamke apite kimya, uso ameugeuza. Kilio kisisikike kijijini. Na machela haipiti mbele ya kumbi, iwe ya mgonjwa, iwe ya maiti. Ikipita, kidonda cha mtoto hakifungi.

Nikauliza, "Na mtu akiugua?"

"Azunguke kwa bondeni."

"Kwa bondeni ni kutwa nzima, kaka. Na mlima wake."

"Sasa Mama Dastani, nani kaugua?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, mjinga mimi.

20 Juni

Hatuli chumvi. Kisamvu kama majani ya mbuzi. Baba Dastani ananiambia, "Sista wenu amekula njama na Silvesta." Lakini anakula.

23 Juni

Upepo mkali. Bondeni maji yamepungua, tunagombana kisimani. Wale wa mabomba ya serikali wamefika Newala, kwetu bado.

Alhamisi, 5 Julai

Naandika kwa furaha. Leo Baba Dastani ametembea mpaka kanisani na kurudi, hakusimama, hakufunga kamba. Uso haujavimba asubuhi. Sigara amepunguza, anasema hazina ladha bila kitu cha chumvi kutangulia. Nimejisemea moyoni, Nnungu wangu, Mungu wangu, mila hii imemponya mume wangu. Na kaka yangu ndiye aliyeileta. Nilimpelekea Silvesta kuku.

Anashona mashati meupe ya wari wote, ya siku ya kutoka. La Dastani amelianza kwanza na hataki kulimaliza. Kola ameifumua mara mbili. Nikamwambia mtoto atavaa siku moja tu litakuwa jeusi. Akasema, "Hiyo siku moja ndiyo naishonea."

Jumamosi, 14 Julai

Ngoma imepigwa. Vidonda vimekauka! Silvesta amepita nyumba kwa nyumba anapiga kelele, "Chumvi imerudi! Chumvi imerudi!" na tumbo mbele. Tumepiga vigelegele mpaka makoo yamekauka. Dastani mzima, mlezi wake wa kumbini amesema ananenepa.

Kuna karamu. Mbuzi wa mafuta, na papa aliyeletwa kutoka Mtwara, anayenuka toka mlimani. Nilimtengea Baba Dastani sahani yake kando. Silvesta akaiona. "Hii nini? Shemeji yangu amekuwa mwanamke wa uzazi?" Wanaume wakaangua kicheko. Akamjazia papa mwenyewe kwa mkono wake. Baba Dastani akanitazama, akatazama wanaume, akala. Akala kama mtu aliyetoka jela. Na sigara zikawashwa.

Ningefanya nini? Nimpokonye sahani mbele ya watu?

18 Julai

Papa tena. Anasema mwili unadai.

Jumapili, 22 Julai

Kamba za kiatu. Njia ya kanisani, mahali tambarare.

24 Julai

Jirani yangu Sijaona anasema ni kichomi, anamjua mtu wa kuchanja. Nikamwambia Sista amesema ni moyo. Akanijibu, "Moyo wanaumwa watu wenye mawazo, Mama Dastani. Huyu ana mawazo gani? Anakula, anashona." Ana nia njema. Usiku na mchana ana nia njema, huyo Sijaona.

Nimemwomba Baba Dastani turudi hospitali. Akasema baada ya mtoto kutoka. Kila kitu ni baada ya mtoto kutoka.

28 Julai

Ukungu mpaka saa sita. Muhogo haukauki, unaota kuvu pale pale ulipoanikwa. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Jumatano, 1 Agosti

Imepita Jumatatu, nami sasa ndiyo naweza kushika kalamu. Nitaandika yote, maana nikiyaacha yatageuzwa. Wameshaanza kuyageuza.

Jumatatu asubuhi Baba Dastani alikuwa amekaa kwenye cherehani, shati la Dastani mbele yake, anatia vifungo. Mimi nachochea moto. Nikasikia cherehani imenyamaza. Nikamwita, hajibu. Nikatoka nikamkuta ameshika ukingo wa meza, rangi imemtoka, amekuwa kama majivu, jasho linadondoka kwenye shati. Nikashika mkono wake. Baridi kama samaki.

"Kale kamtu kamekaa," akasema. "Kamenikalia. Hakaondoki."

"Mkono?"

"Mkono, na taya, na mgongoni." Kisha akatapika.

Nilijua. Niliyasikia maneno ya Sista masikioni kama yuko pale. Nikamkalisha chini ameegemea ukuta, nikamfungua kola, nikakimbia kwa Nurdini mume wa Sijaona nikamwambia machela, machela sasa hivi. Nurdini ni mtu mwema, hakuuliza. Akachukua miti miwili na blanketi, akaita vijana wawili. Walifika mara moja. Tulimlaza. Tukatoka.

Silvesta akatukuta njia panda. Alikuwa anatoka kumbini. Akasimama katikati ya njia, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mnakwenda wapi na hiyo?"

"Hospitali," nikasema. "Shikamoo kaka, tupishe."

"Marahaba. Kwa bondeni."

"Kaka, huyu hafiki kwa bondeni. Sista amesema akiwa hivi asitembezwe, abebwe, afike saa ile ile."

"Sista hana mtoto mle ndani. Mimi ninaye. Wewe unaye."

"Vidonda vimekauka! Wewe mwenyewe umepita unapiga kelele, chumvi imerudi!"

"Chumvi imerudi. Wari hawajatoka." Niseme kweli, aliogopa. Sikuona ukali usoni kwake, niliona woga mtupu. Laiti ningeona ukali, ningemrukia.

Nurdini akasema taratibu, "Bwana Silvesta, tukifunika blanketi, tukapita mbio?"

"Mtoto wa mtu akioza humo, utamjibu wewe, Nurdini? Mwanao yumo?"

Vijana walikuwa tayari wamezishusha fito. Nilipiga magoti mbele ya kaka yangu. Toka nizaliwe sijampigia magoti mtu isipokuwa altareni.

Ndipo Baba Dastani akasema, pale chini alipolazwa, "Niinueni."

"Usiinuke! Baba Dastani, usiinuke, nakusihi."

"Silvesta, machela ndiyo haipiti. Mtu kwa miguu yake anapita?"

Silvesta akafikiri. Akasema, "Mtu kwa miguu yake anapita."

"Basi waikunje machela wapenye nayo kwenye msitu wa mikorosho, ikiwa na mtu haipenyi, waningojee ng'ambo ya ua. Nitapita kwa miguu." Akanitazama. "Mama Dastani, ni hapa na pale tu. Unataka mtoto aoze kwa ajili yangu?"

Nikakosa neno. Hilo ndilo ninalolitafuna mpaka sasa. Nilikuwa na maneno ya Sista yote, nilikuwa na mdomo, na mtu mmoja aliponiuliza kuhusu mtoto, nikakosa neno.

Wakamwinua. Akavuta shati lake likae vizuri, akajifuta uso kwa kiganja. Silvesta akataka kumshika kwapani, akakataa, eti mwanamume anayeshikwa ni mgonjwa. Akaenda. Mimi nilipaswa kugeuza uso, nikageuza. Nilitembea nyuma yake nikitazama mikorosho, simwoni, nasikia miguu yake tu. Inaburuta, inasimama. Inaburuta.

Nikamsikia akikohoa kidogo kusafisha koo. Kisha akaita, kwa sauti ile ya kuitia wateja sokoni, nzima, nene, yenye kicheko ndani yake: "Wanaume! Mmeamkaje?"

Na vijiti vikagongwa humo ndani, vingi, kwa furaha.

Sijui alizitoa wapi pumzi zile. Ninajua zilikwenda wapi.

Ng'ambo ya ua machela ilikuwa inangoja. Hakulala, alianguka juu yake. Wakamchukua mbio, mimi nakimbia kando nimeshika mkono wake, namwita. Kabla hatujayaona mapaa ya Newala mkono ukawa mzito kwa namna nyingine. Nurdini alijua, lakini hakusimama. Alikimbia hivyo hivyo mpaka mlangoni, Mungu ambariki, kana kwamba kukimbia kungesaidia.

Sista alitoka. Akaniuliza kitu kimoja tu. "Alitembea?"

2 Agosti

Juzi walimzika Newala, makaburi ya misheni, ili kilio kisifike kwetu. Nililia huko. Kabla ya kurudi Silvesta akanipa leso nijifute, akasema, "Sasa basi, mpaka watoto watoke." Nilirudi nyumbani na kanga ya maua, si kaniki ya msiba.

5 Agosti

Wanawake wananisalimia kisimani, "Hujambo Mama Dastani," "Sijambo," "Baba watoto?" Na wanajua. Wote wanajua. Ni sheria kujibu mzima.

"Mzima," nasema.

9 Agosti

Nimepeleka chakula kumbini kama kawaida. Mlezi amesema Dastani anauliza kama baba amemaliza shati. Nimejibu amemaliza.

Halijaisha. Kifungo kimoja hakipo.

12 Agosti

Sina la kuandika.

Jumamosi, 18 Agosti

Silvesta amekuja na unga na samaki. Amekaa mlangoni, hakuingia ndani. Nikamwacha akae. Hatimaye akasema, "Dada, sheria sikuitunga mimi."

"Najua."

"Angekufa tu. Hata kwenye machela. Saa yake ilifika."

"Labda," nikasema. "Sista naye hakusema kwamba angepona. Alisema asitembezwe. Hatukupewa nafasi ya kujua, kaka. Hiyo nafasi ndiyo uliyosimama katikati yake umenyoosha mikono."

Akainamisha kichwa. Nilitaka nimhurumie. Ni kaka yangu, alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, nakijua kisigino chake na kovu lake. Nilitafuta huruma kama mtu anayetafuta chumvi kwenye mtungi ambao ameshaukung'uta. Akaondoka. Samaki nimempa Sijaona.

21 Agosti

Nimetia kifungo. Doa la jasho lake liko kwenye pindo, halijatoka. Sikulifua sana.

Jumamosi, 25 Agosti

Wametoka.

Kuna ngoma, kuna vumbi, kuna unga mweupe kwenye vichwa vyao. Wamenyolewa, wameoshwa, wote mashati meupe. Kila mmoja kabebwa mabegani. Dastani kabebwa na Silvesta. Nilimwona kabla hajaniona. Amekua, shingo imekuwa ndefu, na kutoka juu kule macho yake yanapita vichwa vya watu, yanatafuta. Yalinipita mimi, yakaenda, yakarudi, yakaenda tena barazani penye cherehani.

Nikapiga kigelegele. Sheria inataka mama apige. Sijaona alisimama kando yangu ananishikilia kiuno kwa nyuma, watu wakidhani tunacheza.

Waliposhushwa wakaja kutuamkia. "Shikamoo mama." Sauti imebadilika. "Marahaba mwanangu." Nikamgusa kola.

"Baba yuko Newala? Amekwenda kununua uzi?"

Silvesta akaanza kusema kitu. Nikamwinulia mkono. Hapo ndipo sheria zote zilipokwisha, na mtoto alikuwa wangu. Nikamchukua nyuma ya nyumba, nikamweleza. Sikupunguza. Nilimwambia na njia panda, na machela, na nilivyogeuza uso.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alikuwa amefundishwa asilie, ndilo walilomfundisha. Akasema:

"Lakini nilimsikia, mama. Siku ile nilimsikia. Mimi ndiye niliyegonga wa kwanza. Nikawaambia wenzangu, sikilizeni, huyo baba yangu, sikieni alivyo mzima."

Jumapili, 2 Septemba

Sista amenipima na mimi. Damu yangu nayo inapanda, hakushangaa. Amenirudishia maneno yale yale, nikamwambia nayajua, ananipotezea muda. Akatabasamu kidogo, kisha hakutabasamu.

Kutoka pale nilipita kwa Nurdini. Fito mbili zile za machela na blanketi nimeziomba, nimeziegemeza nje ya mlango wangu, kila apitaye azione. Silvesta ameleta neno niziondoe, ni mkosi. Lakini mwakani kuna kumbi jingine, na wanaume wa kijiji hiki nao wana vifua vya kukaliwa.

Nimemjibu mjumbe wake: mwambie zitapita mbele ya kumbi.

Jioni nimepika kunde. Sikutia chumvi. Dastani amekula yote, hakuuliza.